Siti binti Saad na Safari ya Bombay

Wengi wetu katika shule hii tumelijua jina la Siti binti Saad kwa njia ya kitabu. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wetu wa Tanga mwaka 1909, aliandika wasifu wa bibi huyo, na wasifu ule umesomwa katika madarasa ya Kiswahili kwa miaka mingi. Lakini kumjua mwimbaji kwa kitabu peke yake ni kama kuijua ladha ya embe kwa kuhadithiwa. Kwa hiyo nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu maisha yake, na hasa habari za mwaka 1928, wakati yeye na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay, Bara Hindi, kuziweka nyimbo zao katika santuri. Kabla ya safari ile, taarabu ilijulikana kuwa ni mambo ya Kiarabu na ya wakubwa. Baada yake ilisikika mwambao mzima ikisema Kiswahili, tena kwa kinywa cha mwanamke aliyezaliwa katika hali ya chini kabisa.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mama yake asili yake ilikuwa Mzigua, yaani mtu wa upande wetu huu. Wote wawili walizaliwa Unguja. Msomaji wa Tanga asiyapite maneno haya upesi. Nchi ya Uzigua iko nyuma ya Pangani na Sadani, na katika karne ya kumi na tisa bandari hizo zilivusha watu wengi kwenda Unguja ambao hawakuvuka kwa hiari yao. Wako waliotekwa, na wako waliouzwa katika miaka ya njaa. Mashamba ya mikarafuu yalitaka mikono, na mikono ile ilitoka bara. Kwa hiyo historia ya bibi huyu, ijapokuwa ni ya Unguja, mzizi wake mmoja umechimbiwa katika ardhi yetu.

Alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Jina hilo lilikuwa la kawaida kwa watoto wa watu wa hali ile, na pengine wazazi wake hawakuona ajabu kumwita hivyo, lakini sisi tukilitamka leo ulimi hutuwia mzito. Amri ya kuvunja utumwa katika Unguja ilitolewa mwaka 1897, naye alikuwa na umri wa miaka kama kumi na saba. Amri ya serikali haikubadili mara moja namna watu walivyotazamana njiani, wala haikumpa Mtumwa chakula wala shule. Siku hizo mtoto wa kike wa maskini hakupelekwa shuleni, si ya dunia wala ya dini. Alilima pamoja na wazazi wake, akajifunza kazi ya kufinyanga vyungu, ambayo ndiyo iliyokuwa kazi ya nyumba yao.

Vyungu havina faida vikikaa kijijini. Vilipokwisha kuchomwa na kupoa vilichukuliwa kichwani hadi mjini, mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na huko muuzaji alipita vichochoroni akivinadi. Yasimuliwa kwamba sauti ya binti huyu ilisikika kutoka mbali sana, hata wanunuzi wakajua nani anakuja kabla hawajamwona. Mtu anaweza kufikiri kwamba hadithi hii imetiwa chumvi, kama hadithi nyingi za watu mashuhuri. Mimi naiona ni ya kusadikika. Mtu anayenadi kila siku, mwenye mzigo kichwani, hujifunza kuvuta pumzi, kuipeleka sauti mbali bila ya kuiumiza, na kulitamka neno kwa namna ambayo aliye ndani ya nyumba ataligundua. Hayo ndiyo mafunzo ya mwanzo ya mwimbaji yeyote, naye aliyapata bure barabarani.

Mwaka 1911 aliamua kuhamia mjini moja kwa moja. Mwaka uo huo Sultani Khalifa bin Harub alikalia kiti cha Unguja, na bila shaka hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mfinyanzi wa Fumba ataitwa kuimba katika jumba la Sultani huyo. Mjini alikutana na mtu aliyeitwa Ali Muhsin, mpigaji wa udi na mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin aliisikia sauti yake, akatambua thamani yake, akaanza kumfundisha kuimba kwa kufuata ala. Yasemekana kuwa jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alipewa na Mwarabu mmoja mwenye mali. Basi Mtumwa akawa Siti. Najua wako watakaosema kwamba jina ni jina tu. Aliyepata kuitwa jina la dharau mbele za watu hatasema hivyo.

Inafaa hapa nieleze taarabu ilikuwa kitu gani katika zama hizo, maana vijana wa leo hulitumia neno hilo kwa maana nyingine. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, akaleta wapigaji kutoka huko, kisha akampeleka Cairo Mohamed Ibrahim kujifunza kupiga kanuni. Muziki huo ukaanza kama starehe ya jumba la mfalme. Baadaye waungwana wa mjini wakaunda vyama vyao, wakaagiza ala, wakakaa usiku kuimba na kusikiliza. Lugha ilikuwa Kiarabu. Waimbaji walikuwa wanaume. Wasikilizaji wengi hawakuyafahamu maneno, lakini kutoyafahamu kulihesabiwa kuwa sehemu ya heshima ya jambo lenyewe. Wanawake wa Unguja waliimba sana, nao walikuwa na ngoma zao za arusi na lelemama. Lakini kuimba taarabu kwa ala mbele ya mkusanyiko, hilo halikuwa jambo lao.

Siti aliingia katika mlango huo kwa namna ulivyokuwa. Alijifunza kuimba Kiarabu, na aliimba vizuri. Alijifunza pia kusoma Kurani kwa mahadhi, akasifiwa kwa usomaji wake. Akaitwa katika majumba ya matajiri na katika jumba la Sultani. Kama angeishia hapo angekuwa mwimbaji mzuri wa jumba, angepewa zawadi zake, na sisi leo tusingemjua.

Lakini mahali alipoishi palikuwa Ng'ambo. Huo ni upande wa mji uliokuwa ng'ambo ya mkono wa bahari, uliokaliwa na maskini, wachukuzi, mafundi, wavuvi, na wengi waliokuwa watumwa jana yake. Walikuwa wakitupa kaniki nyeusi za utumwa na kuvaa kanga, wakijiita Waunguja, na wakitaka kuhesabiwa kuwa watu. Siti alikuwa mmoja wao. Nyumbani kwake walikusanyika wenzake wa muziki, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Mwalimu Shaaban, wakapiga na kujaribu nyimbo usiku, na majirani wakaja kusikiliza. Majirani hawakuja mikono mitupu. Walileta habari. Fulani kadhulumiwa nyumba, fulani kapigwa na mumewe, karani fulani kala fedha za watu, hakimu kahukumu namna hii. Habari zilizungumzwa, zikapimwa, na baadhi yake zikawa nyimbo. Nyimbo hizo hazikuweza kuwa za Kiarabu, kwa sababu waliozileta habari walitaka kuzisikia.

Mfano mmoja unaojulikana sana ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Mtu aliyeitwa Kijiti alimshawishi kwenda katika matembezi ya starehe yenye ulevi, na mwisho wake mwanamke yule akauawa. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Wanawake wawili waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, kwa sababu ya ule ulevi, wakafungwa, ilhali mwuaji alikuwa huru. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kuandika uchungu wao, wala hawakuwa na mjumbe katika baraza. Walikuwa na Siti. Wimbo ukaieleza hukumu ile wazi, ukamlilia marehemu, na kila aliyeusikia akajua nini kimefanyika. Hakimu aliandika hukumu yake katika faili. Sidhani kama kuna anayelikumbuka faili hilo, lakini wimbo wapo wanaoujua hata leo.

Sasa tufike 1928. Ili kuelewa kwa nini kampuni kubwa ya santuri imtafute mwanamke wa Ng'ambo, lazima tuitazame biashara yenyewe. Gramafoni ni mashine, na mashine hainunuliwi kama haina cha kusema. Makampuni ya siku zile yaligundua kwamba watu wa kila nchi watanunua gramafoni wakisikia ndani yake lugha yao wenyewe. Huko Marekani, mwezi wa Julai 1927, kampuni ya Victor ilipeleka mafundi wake katika mji mdogo wa Bristol, Tennessee, kuwanasa waimbaji wa mashamba. Ndipo walipopatikana Jimmie Rodgers na jamaa wa Carter, na muziki wa wakulima wa milimani, ambao leo huitwa kantri, ukaingia madukani. Kampuni ndugu ya hiyo, yenye jina la His Master's Voice na picha ile maarufu ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilikuwa na tawi Bara Hindi. Santuri za Misri na za Kihindi zilikuwa zimekwisha fika Unguja. Kilichokosekana ni za Kiswahili. Kwa hiyo mwaka 1928 Siti na wenzake waliitwa Bombay.

Tujaribu kuifikiri safari ile. Meli za British India ndizo zilizokuwa zikipita kati ya Afrika ya Mashariki na Bombay. Mwanamke aliyezoea kutembea kwa miguu kutoka Fumba na vyungu kichwani, sasa anavuka Bahari ya Hindi kwa sababu ya sauti yake. Katika chumba cha kunasia hakuna majirani, hakuna kahawa, hakuna anayeitikia wala kutunza fedha. Kuna fundi, kuna maikrofoni, chombo ambacho makampuni makubwa yalikuwa yameanza kukitumia tangu 1925 badala ya pembe, na kuna sahani ya nta inayozunguka. Nta haifutiki. Mpigaji akikosea, sahani hutupwa na kazi huanza tena tangu mwanzo.

Na tena kuna saa. Santuri za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Watu waliozoea kuimba wimbo mmoja kwa muda wapendao, wakirudia ubeti kila msikilizaji anapotaka, walilazimika kuukata wimbo ili uenee katika upande mmoja, au kuugawa nusu mbili, huku na huku. (Wanaozungumza leo juu ya albamu yenye nyimbo kumi wajue kwamba albamu ya Siti ilikuwa sahani moja nzito, na ikianguka huvunjika kama chungu.) Ufupi huo ulikuwa na hasara yake, lakini naona ulileta faida pia. Wimbo wa Kiswahili una vina vyake na mizani yake, na kila mstari unataka kubeba maana yake kamili. Ndani ya dakika tatu hakuna nafasi ya kupoteza neno, nao watunzi wa Ng'ambo hawakupoteza.

Santuri zile zilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za Kiswahili kuuzwa madukani. Biashara yake ilikuwa njema, na katika miaka michache iliyofuata Siti na wenzake walinaswa tena, na makampuni mengine yakaingia katika shindano. Santuri zikaenea mwambao wote na kuingia bara. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haihitaji umeme. Huchukuliwa chomboni, huchukuliwa garini, huwekwa barazani. Tanga ilikuwa bandari yenye reli iliyokwenda hata Moshi, na mashamba ya mkonge yaliyojaa watu wa kila kabila, Wanyamwezi wakiwamo kwa wingi, waliokuwa wakijifunza Kiswahili ili waelewane.

Liko jambo moja juu ya santuri ambalo napenda wasomaji walifikiri. Barazani mwa tajiri, Siti alipoimba, kila mtu alimwona ni nani na alijua ametoka wapi. Katika santuri haonekani. Hakuna anayejua amevaa nini, wala asili ya mama yake ilikuwa wapi. Yapo maneno, ipo sauti, basi. Msikilizaji wa Pangani au Lamu alilazimika kumhukumu kwa hayo mawili tu.

Waliomwona kwa macho hawakukubali kwa urahisi namna hiyo. Mjini Unguja walikuwako waliomwonea kijicho, wakamtungia wimbo wa kumsimanga kwamba alikuja mjini na kaniki yake, na kwamba kama si sauti yake asingepata hata chakula. Siti hakwenda kushitaki. Alijibu kwa wimbo. Katika jibu lake hakudai kuwa mzuri wa sura wala kuwa wa ukoo bora. Aliviweka vyote viwili kando, akasema kinachompunguza mtu ni kukosa akili. Waliokusudia kumwaibisha wakajikuta wameongeza wimbo mwingine katika orodha yake.

Wako wanaoandika kwamba mwaka 1928 Siti alikiacha Kiarabu. Hilo si sawa. Aliendelea kuimba Kiarabu palipotakiwa, na muziki wake ulibaki na udi, fidla na mahadhi aliyofundishwa na watu wa Ikhwan Safaa. Alichobadilisha ni kwamba Kiswahili hakikukaa tena mlangoni. Wala hakufanya hivyo peke yake. Watunzi na wapigaji waliokuwa naye wana sehemu yao, na majirani wa Ng'ambo wana yao.

Baada ya miaka ile ya mwanzo biashara ya santuri ilififia, kwa kuwa dunia nzima iliingia katika shida ya fedha. Siti aliendelea kuimba Unguja. Wasichana walisogea karibu na mahali alipoimba ili wapate kumsikia. Mmoja wao alikuwa Fatuma binti Baraka, aliyekuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude, na ambaye alifariki mwaka 2013.

Muda si mrefu kabla ya kufa kwake, Siti alizungumza na Shaaban Robert, ambaye katika miaka ile alikuwa mfanyakazi wa serikali hapa Tanga. Mkutano huo nauona mkubwa kuliko unavyosemwa. Huyu alikuwa mshairi aliyekitetea Kiswahili kwa kalamu. Yule alikuwa mwanamke asiyepelekwa shule, aliyekitetea kwa koo. Shaaban Robert alisikiliza, akaandika, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1958. Mwenyewe Siti hakuiona, kwa kuwa alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mshairi naye alifariki mwaka 1962, akazikwa kwao Vibambani.

Katika miaka ya 1960 mji wetu wa Tanga ulichukua zamu yake. Vyama vya Black Star na Lucky Star viliipunguza taarabu ikawa ya wapigaji wachache, vikaingiza magitaa, na mwendo wake ukawa mwepesi kuliko ule wa Unguja. Mwimbaji wao mkubwa alikuwa Bi Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Naye aliimba Kiswahili, na kwa wakati wake hakuna aliyemwuliza kwa nini mwanamke anaimba taarabu, wala kwa nini haimbi Kiarabu. Swali hilo lilikuwa limekwisha jibiwa. Huko Dar es Salaam, chama cha wanawake waandishi wa habari, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilianzisha jarida na kuliita Sauti ya Siti.

Baadhi ya santuri zake za zamani zimehifadhiwa na kunakiliwa kwa vyombo vya kisasa, na mwalimu au mzazi anayetaka kuwasikilizisha vijana anaweza kuzipata. Kwanza husikika mkwaruzo wa sindano, kama mvua ndogo juu ya makuti. Kisha huingia ala. Kisha huingia yeye, sauti ya juu, kavu kidogo, kila neno likitamkwa kwa ukamilifu kama la mtu anayetaka asikiwe na aliye ndani ya nyumba.